Kumlilia Mwimbaji Asiye Ndugu

Katika nchi ya Abagusii kifo kina wenyewe. Mtu akifa Nyamache, mazishi yake hufuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi kabla yake. Huzikwa katika ardhi ya nyumba yake, hatua chache kutoka mlango alioutumia kila siku. Wanawake huinua kilio kinachovuka bonde na kupanda kilima cha pili, na waliomo mashambani, wakichuma majani mawili na chipukizi lake kama chai inavyotaka, husimama na vikapu mgongoni kusikiliza kilio kinatoka boma la nani. Ndugu walio mbali huitwa. Mwana ana mahali pake pa kusimama, na mkwe ana pake, na jirani pia. Hata baadaye, mtoto atakapozaliwa katika ukoo, huweza kupewa jina la marehemu, na jina likaendelea kuitwa uani kama lilivyoitwa zamani.

Msiba wa namna hiyo haumwachi mtu akibabaika. Anayelia ajua kwa nini analia, na anayemwona akilia haulizi. Lakini tuseme habari inakuja kwa njia ya redio kwamba mwimbaji fulani amekufa. Amefia mji wa mbali, ni mtu wa kabila jingine, pengine wa nchi nyingine, na katika Nyamache nzima hapana mmoja aliyepata kumshika mkono. Kijana wa shule anaposikia habari hiyo machozi yanamtoka. Bibi yake anamtazama kwa mshangao, kisha anamwuliza, “Mjukuu wangu, huyo ni nani wetu?”

Swali hilo la bibi ndilo nitakalolishughulikia katika insha hii, maana ni swali zuri kuliko linavyodhaniwa. Vijana wengi hulipuuza na kusema kwamba wazee hawajui muziki. Hilo si kweli. Mzee wa Kigusii aliyekua akisikiliza obokano, lile zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito kama ya ngurumo iliyo mbali, ajua muziki vizuri sana. Asichokijua ni mpigaji asiyekuwa na boma. Mpiga obokano alikuwa mtu wa kilima fulani, mwana wa fulani. Alikuja karamuni akala, akanywa, akapiga, na alipokufa ulijulikana mlango wa kwenda kutoa pole. Mwimbaji wa redio na santuri huingia kila nyumba, naye hana mlango hata mmoja ambao msikilizaji wa Nyamache aweza kuuendea siku ya msiba. Bibi anauliza juu ya haki ya kulia. Anataka kujua ni deni gani linalolipwa kwa machozi hayo.

Tutwae mfano mmoja mkubwa. Mwezi wa Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alizaliwa mwaka 1944 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na alipofariki hakuwa ametimiza miaka 35. Alijipatia jina katika bendi ya Morogoro Jazz kama mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji; mwaka 1970 alisafiri na bendi hiyo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na safari hiyo akaitungia wimbo, “Expo 70”. Mwaka 1973 alijitenga na Morogoro Jazz akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Santuri zake zilitengenezwa Nairobi, na kutoka Nairobi zikasambaa mpaka kwenye maduka ya vijijini yaliyokuwa na gramafoni mlangoni kuvuta wanunuzi.

Yafaa msomaji akumbuke hali ya siku zile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mwezi wa Februari mwaka huo mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulifungwa, usifunguliwe tena mpaka Novemba 1983. Serikali mbili hazikusemezana kama majirani. Katikati ya ugomvi huo Mtanzania mmoja alikuwa akiimba katika majumba ya dansi ya Kenya, na redio za pande zote mbili zikipiga nyimbo zake. Alipokufa, kilio chake hakikuwa na upande. Sidhani kwamba wanasiasa wa siku hizo walikitambua kilio hicho kwa maana yake. Walikuwa na mambo mengine.

Basi msikilizaji wa Nyamache alipoteza nini siku ile? Jibu la upesi ni kwamba alipoteza sauti. Jibu hili husemwa kila mara, nalo lina kosa lililo wazi, kwa kuwa sauti haikwenda popote. Santuri iliyokuwa ikilia dukani Jumamosi iliyotangulia kifo iliweza kulia vilevile Jumamosi iliyofuata. Ukimzika baba yako hutamsikia tena akikuita. Walakini ukimzika mwimbaji waweza kurudi nyumbani, ukazungusha kitasa, ukamkuta anaimba.

Kuna ushahidi mwingine juu ya jambo hili. Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani, alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Wakenya wengi waliompenda, na wanaompenda hata leo, walikuwa hawajazaliwa siku hiyo, au walimjua yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Nyimbo zake zimepigwa katika nyumba za Kenya miaka mingi sana, wazee wakizisikiliza asubuhi ya Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Hawamlilii. Wampenda bila kilio, kwa sababu hapana walichonyang'anywa: nyimbo walizozikuta ndizo walizonazo, hazikupungua hata moja. Kama kupoteza sauti ndiko kunakoliza watu, wapenzi hao wa Jim Reeves wangekuwa na machozi kama wengine.

Kwa hiyo yatupasa kutafuta mahali pengine. Aliyekuwa akimfuata Mbaraka tangu Morogoro Jazz mpaka Super Volcano alikuwa na mazoea ya kungoja. Wimbo mmoja ulipotoka aliujifunza, akaucheza mpaka ukamwishia utamu, kisha akaanza kuuliza wenye maduka kama kuna mpya. Katika kungoja huko alikuwa amejenga imani: kwamba mambo yatakayompata mwaka ujao, iwe mapenzi, au deni, au masimango ya wakwe, yatapatiwa maneno na mtu huyu. Mbaraka alikuwa amekwisha kumfanyia hivyo mara nyingi. Alikuwa ameimba “Masimango”, na “Jogoo la Shamba”, na msikilizaji asiye na Kiswahili kingi, ambaye nyumbani asema Ekegusii na Kiswahili alikipata shuleni na sokoni, alijifunza humo namna ya kusema uchungu wake kwa lugha ya taifa. Kilichokufa Januari 1979 ni wimbo wa mwaka 1980, na wa 1981, na wa 1990. Ndizo nyimbo zilizoliliwa, ambazo hakuna aliyezisikia.

Hapo bibi apata jibu lake la kwanza. Mjukuu analia kwa sababu aliahidiwa kitu, na sasa ahadi imekatika. Hata katika ukoo kilio cha namna hii kinajulikana. Kijana akifa kabla ya kuoa, wazazi hawamlilii kwa yale aliyoyatenda peke yake.

Walakini jibu hilo halitoshi kwa kila mwimbaji, na msomaji makini amekwisha kuwafikiria wale waliokufa wakiwa wazee. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri mkubwa sana, ambao watu hawakuacha kubishana juu yake. Wako waliosema amepita miaka mia. Hakuna aliyekuwa akingoja nyimbo nyingine ishirini kutoka kwake. Hata hivyo alililiwa, na alizikwa kwa heshima ambayo waimbaji wachache huipata. Kwake yeye kilichopotea kilikuwa nyuma yake. Ile namna ya kuimba kwa koo lililo wazi, bila kulainisha neno, ngoma ya msondo ikiwa kiunoni kama ipigwavyo katika unyago, na nyimbo za Siti binti Saad alizozishika kwa kuzisikia na si kwa kuzisoma, vilikuwa vimebaki kwake. Alipoondoka, wapo waimbaji waliobaki na nyimbo hizo, nao waziimba vizuri, lakini mlolongo wa kupokezana mdomo kwa sikio ulikatwa pahali pamoja. Hiyo ni hasara ya aina nyingine, na kilio chake ni cha aina nyingine. Kina utulivu zaidi, na kina majuto ndani yake.

Na majuto hayo yana sababu, maana tunao mfano wa mtu aliyefanya lililopasa wakati lilipopasa. Siti binti Saad mwenyewe, binti wa wafinyanzi wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, alifariki mwezi wa Julai 1950. Kabla hajafa, Shaaban Robert alimwendea, akaketi naye, akamwuliza habari za maisha yake, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika “Wasifu wa Siti binti Saad”. Kitabu hicho mwanafunzi wa shule ya sekondari aweza kukisoma leo kwa siku mbili. Wapenzi wa Siti walimlilia kama walivyomlilia, na vilio vyao vimenyamaza pamoja nao. Maneno ya aliyeuliza mapema tunayo. Sisemi hivi kwa kuwadharau waliolia. Nasema tu kwamba Shaaban Robert alikuwa na huzuni iliyotangulia kifo, na huzuni ya namna hiyo yaweza kufanya kazi.

Sasa nije kwenye lawama, kwa sababu mhakiki asiyelaumu hukosa nusu ya kazi yake. Kilio cha mashabiki kina tabia moja mbaya, nayo ni kuzigeuza nyimbo za marehemu kuwa utabiri.

Mwaka 2003, siku ya tarehe 16 Machi, Issah Mmari, kijana wa Nairobi aliyeimba kwa jina la E-Sir, alikufa katika ajali ya gari akirudi kutoka Nakuru. Alikuwa na umri wa miaka 21. Albamu yake iliitwa “Nimefika”. Msomaji aona mara moja hatari iliyopo. Kabla ya ajali, neno hilo lilikuwa majisifu ya kijana anayegonga mlango wa dunia ya muziki kwa kiwiko na kutangaza kwamba amewasili, mpende msipende. Ni neno la kicheko. Baada ya ajali ni rahisi mno kwa msikilizaji kulisikia kama neno la mtu aliyefika mwisho wa safari yake, akajua, akatuaga. Na akishasikia hivyo hasikii tena kitu kingine. Ule ufundi wa E-Sir wa kuyapindua maneno ya Kiswahili cha mjini mpaka yakae sawasawa juu ya mapigo ya ngoma, pumzi aliyoikata mahali ambapo wengine wangeivuta, utani wake, ubishi wake katika “Hamunitishi”, vyote huwekewa kitambaa cheusi. Kijana aliyetaka watu wacheze amefanywa kuwa nabii wa jeneza lake mwenyewe.

“Shida” ya Mbaraka imepatwa na mambo hayohayo. Ni miongoni mwa nyimbo zake za mwisho, na jina lake lasema inahusu nini. Kwa kuwa mtunzi alikufa, watu wameisikiliza kana kwamba shida inayotajwa humo ni ile iliyokuwa ikimngoja barabarani Mombasa. Lakini Mbaraka aliimba juu ya shida maisha yake yote! Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki umejaa shida tangu ulipoanza: shida ya fedha, ya mapenzi, ya ndugu wasiosaidia, ya mji usiomjua mgeni. Kama kila aliyetunga wimbo juu ya shida angekufa mwaka huohuo, pasingebaki bendi hata moja kutoka Mwanza mpaka Mombasa. Wimbo huo ulitungwa na fundi aliyekuwa na afya yake, aliyejua wasikilizaji wake walikuwa na matatizo gani, naye akakusudia kuwapa kitu cha kuimba pamoja naye. Kuusikiliza kama wosia ni kumnyang'anya fundi huyo kazi yake na kuitoa sadaka kwa bahati mbaya ya gari.

Kwa nini basi watu hupenda utabiri? Nadhani ni kwa sababu ajali haina maana, na moyo wa binadamu hauvumilii jambo kubwa lisilo na maana. Afadhali iwe alijua. Afadhali iwe ilikuwa imeandikwa, na sisi tukakosa kuisoma. Naielewa faraja hiyo, wala simcheki mtu anayeitafuta usiku wa msiba. Lakini ikiendelea miaka arobaini baada ya msiba imekuwa uvivu wa masikio.

Uvivu wa pili uko katika maneno yetu ya kusifu. Sikiliza hotuba za mazishi ya mwimbaji yeyote, au usome salamu za rambirambi gazetini, na utakutana na maneno yaleyale: kwamba ameacha pengo lisiloweza kuzibwa, kwamba taifa limepoteza nguzo, kwamba alikuwa kioo cha jamii. Maneno hayo hayana kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba yamemfaa waziri, yamemfaa mwalimu mkuu, yamemfaa mfanyabiashara wa mbao, na leo yanamfaa mwimbaji. Pengo gani? Lina upana gani, na liko upande upi? Alipokufa Fadhili William mwaka 2001 huko Marekani, na Daudi Kabaka mwaka huohuo, baada ya Fundi Konde kutangulia mwaka 2000, Kenya ilipoteza watu watatu wa kizazi kimoja cha gitaa, na kila mmoja alipewa pengo lilelile, kana kwamba yalikuwa yamenunuliwa kwa jumla. Ilhali Konde, mtu wa pwani, aliimba kwa upole wa mtu anayezungumza barazani, na Kabaka ndiye aliyewachezesha vijana wa miaka ya 1960 mtindo wa twisti. Mlio wa gitaa la mmoja hauwezi kuchukuliwa kuwa wa mwingine na mtu aliyewasikiliza wote wawili. Aliyewalilia kwa neno moja hakuwasikiliza, au aliwasikiliza kisha akasahau siku ile ambayo kukumbuka ndiko kulikotakiwa.

Wanawake wa Kigusii wanaolia matangani hawana kosa hilo. Mlizi hodari humwita marehemu, humkumbusha alivyokuwa, humwuliza amewaachia nani watoto wake, humlaumu kwa kwenda bila kuaga. Kilio chake hakiwezi kuchukuliwa kikapelekwa boma la pili, kwa sababu kimejaa mambo ya boma hili. Ningependa mashabiki wa waimbaji wajifunze kwake. Kijana wa Nyamache anayemlilia mwimbaji na aseme ni wimbo upi, na ni mahali gani katika wimbo huo, na alikuwa wapi maishani mwake mahali hapo palipomshika. Asipoweza kusema hivyo, bibi ana haki ya kuendelea kuuliza.

Lakini limesalia jambo moja katika swali la bibi ambalo bado sijalijibu, nalo ndilo gumu kuliko yote: udugu. Yaweza kukubaliwa kwamba kijana amepoteza kitu. Hata hivyo mtu hupoteza vitu vingi asivyovililia hadharani. Ni nani aliyempa ruhusa ya kujiweka miongoni mwa wafiwa?

Jibu langu ni kwamba mwimbaji mwenyewe ndiye aliyempa. Tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima mmoja katika ugomvi wa mashamba na siasa ya vijiji vya Ujamaa. Mbaraka Mwinshehe alimtungia wimbo wa maombolezo. Kleruu hakuwa ndugu yake. Hakuwa wa ukoo wake wala wa kabila lake, na sina sababu ya kudhani kwamba walikula pamoja. Mbaraka alimlilia kwa sauti kubwa, katika santuri iliyouzwa madukani, akiwaita wasikilizaji wasiomjua Kleruu wamlilie pamoja naye. Tukitaka kuuhakiki wimbo ule kwa ukali twaweza kuuliza kama ulimsahau yule mkulima na yaliyomfikisha pale. Nyimbo za maombolezo ya viongozi aghalabu husahau hivyo. Lakini kwa shabaha yetu ya sasa latosha jambo moja: mtu aliyekwisha kuwafundisha watu kumlilia asiye ndugu hawezi, siku yake ikifika, kukatazwa machozi ya wasio ndugu zake.

Kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1970, Bavon Marie Marie, mpiga gitaa kijana, alikufa kwa ajali ya gari huko Kinshasa. Kaka yake alikuwa Franco, kiongozi wa O.K. Jazz, mpiga gitaa aliyejulikana Kongo nzima na nje ya Kongo. Franco alimlilia mdogo wake kwa wimbo, “Kinsiona”. Safari hii mfiwa alikuwa ndugu hasa, damu moja, na hapana mzee wa Nyamache ambaye angemwuliza haki yake. Lakini akauweka msiba wa nyumba yake katika santuri, na santuri ikavuka mito na mipaka mpaka kwa watu wasiojua neno moja la lugha yake, nao wakainamisha vichwa. Mbaraka alitoka nje kwenda kulia kwa mwingine. Franco alifungua mlango wake na kuwaingiza wengine. Kwa njia zote mbili ule uzio wa boma, ambao bibi anaulinda kwa haki, ulikuwa umekwisha kutobolewa na wanamuziki wenyewe kabla mashabiki hawajapita.

Bibi aweza kunijibu kwamba udugu huo hauna majukumu, na hapa sina budi kukubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ndugu wa kweli huchimba kaburi, hulea mayatima, hulipa madeni. Shabiki hulia, kisha huenda kununua nakala ya wizi. Katika miaka ya kaseti, nyimbo za watu waliokufa zilinakiliwa vibandani na kuuzwa kwa bei rahisi katika kila kituo cha mabasi cha nchi hii, na wajane wa watunzi hawakuona senti moja. Aliyenunua alikuwa mpenzi wa marehemu, tena mpenzi mkubwa. Ndiyo maana alinunua. Sijui namna ya kulipatanisha jambo hilo na machozi yake, wala sitajaribu. Waimbaji wa Ekegusii, akiwamo marehemu Christopher Monyoncho, ambaye alikuwa na wasikilizaji wenye kumwelewa neno kwa neno, walikuwa na soko dogo kuliko la Kiswahili, kwa hiyo wizi wa aina hiyo uliwauma zaidi. Wapenzi wao walikuwa majirani zao.

Miaka michache baada ya kifo cha Mbaraka, kampuni ya Nairobi iliyokuwa na nyimbo zake ilizikusanya na kuzitoa katika mfululizo wa santuri kubwa, na mfululizo huo ukaitwa “Ukumbusho”. Ilikuwa biashara, hapana shaka. Lakini tazama kilichotokea. Santuri ndogo za zamani zilikuwa zimetoka moja moja, na msikilizaji alizipata kama zilivyoangukia. Sasa nyimbo za Morogoro Jazz na za Super Volcano zimewekwa pamoja, kicheko kando ya kilio, safari ya Japani kando ya masimango ya nyumbani. Mwenye masikio aweza kusikia gitaa lake likikua mwaka hata mwaka.

Na msikilizaji asiharakishe kuiondoa sindano maneno yanapokwisha. Nyimbo nyingi za dansi za wakati ule zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, ambamo mwimbaji hueleza habari yake. Ya pili huitwa chemko, ambapo mwendo huongezeka, waimbaji hunyamaza au hubaki na neno moja la kurudiarudia, na magitaa hupewa nafasi. Wanaotafuta utabiri hukaa katika sehemu ya kwanza, wakiyapima maneno. Mbaraka alikuwa mpiga gitaa kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na katika chemko hakuna neno la kupima: gitaa la solo linapanda peke yake, linarudi, linauliza, la pili linajibu chini yake, na besi haijali shida ya mtu.